Zenon Kauzeni na Chachu Iliyokataa Kufa

Marehemu ndugu yangu Zenon Kauzeni alizaliwa Mpui tarehe 3 Mei 1936, mama akiwa anatwanga ulezi wa pombe. Baba yetu alisema mtoto alifuata harufu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, ada ikakwisha. Mengine alijisomea, enzi ambazo mtu alisoma ili ajue.

Tangu 1959 alikuwa fundi wa betri za magari hapa Katandala. Mwaka 1985, petroli ilipoadimika, aliamua kuendesha pikipiki kwa spiriti ya magunzi ya mahindi. Aliyasaga, akayachemsha kwa asidi ya betri iliyozimuliwa, akapunguza ukali kwa majivu. Sukari ilitoka, lakini kila chachu aliyoitia ili igeuze sukari kuwa spiriti iliuawa na ukali uliobaki. Akazunguka kwa wapika pombe akiomba nyingine.

"Zenon, umeua chachu ya marehemu mama yangu!" alilalamika jirani yake, Cornelia.

"Shemeji, ilikuja kwangu ikiwa mgonjwa."

Alikuwa amefunga ndoa na Bertilla mwaka 1961. Mama mkwe wake, Tereza, alikuwa na chachu kali kuliko wote, lakini siku hizo mkwe hakuomba kitu jikoni kwa mama mkwe. Leo wakwe na mama wakwe wanakula sahani moja na kutaniana. Kwa heshima hiyo marehemu alipoteza mwaka mzima, mpaka Tereza mwenyewe akamwambia Bertilla, "Mpelekee muuaji wako hii. Ikifa, mnizike nayo."

Nyingi ilikufa. Ile kidogo iliyopona akaizalisha, akaitia kwenye ukali zaidi, tena na tena, hadi ikarusha kifuniko cha pipa.

Mwaka 1987 alishuka na pikipiki, ikinywa spiriti yake, hadi Muze kule bondeni. Wenye wivu wakasema ni mteremko. Akaupanda mlima kurudi, amempakia Cornelia.

Kisha biashara huria ikaleta petroli tele, na hamira ya pakiti madukani. Wapika pombe wakamwaga mitungi yao ya chachu. Marehemu akabaki akiulisha mtungi wake unga wa ulezi.

Moyo ulianza kumsumbua Februari mwaka huu. Kitandani aliuliza nani ataulisha mtungi.

"Baba, si hamira inauzwa dukani?" alisema Isdori, mwanawe.

Marehemu akageukia ukutani. Alifariki Jumapili, tarehe 13 Julai 1997, alfajiri.

Ameacha mjane, Bertilla, watoto wawili, Isdori na Elizabeth, na wajukuu sita. Isdori alianza pombe ya msiba kwa hamira ya pakiti. Baridi ya Julai ikaishinda. Uji ukabaki uji. Akaenda kimya kimya kuchota kwenye mtungi wa baba yake, na leo asubuhi ameonekana akiulisha.

Zenon, pumzika sasa.