Mama Sieni Analiaga Jumba la Ashcombe

Tarehe 30 Novemba, Mama Sieni Leota atakabidhi funguo za kanisa letu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Mimi niliyefanya naye kazi miaka mingi nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nikishindwa msinilaumu.

Jumba la Ashcombe lilijengwa na tajiri wa kondoo aliyependa dansi kuliko usingizi. Wajukuu wake waliposhindwa kulitunza, sisi Wasamoa wa Auckland tukalinunua kwa michango ya watu wa viwandani. Mama Sieni akaajiriwa kulitunza, na mumewe, fundi Tavita, akaugeuza ukumbi wa dansi kuwa kanisa. Kila benchi mnalokalia ni kazi ya mkono wake.

Kikao cha kwanza cha wazee kilikuwa kichekesho. Kwetu Samoa, katika nyumba ya mikutano, kila mzee ana nguzo yake ya kuegemea, na ukumbi ule hauna nguzo hata moja. Wazee walizunguka weee, kila mmoja akiona haya kukaa pa mwenzake. Mama Sieni akawagawia madirisha, ukoo kwa ukoo, na mpaka leo ole wako ukae dirisha la wengine. Hata mkaguzi wa majumba ya kale alipokuja kutukaripia, Mama alimvulisha viatu mlangoni, kidole kikachungulia kwenye soksi. Akamlisha magimbi na nyama ya nguruwe, ukali ukaisha.

Tavita alipofariki aliacha wasia azikwe mbele ya jumba hili, kama kwetu tunavyowazika wapendwa wetu mbele ya nyumba. Jiji likakataa: bustani ya urithi haichimbwi. Akazikwa makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Iliniuma, na bado inaniuma. Tangu hapo, kila Jumapili ibada ikiisha, kabla hajagusa chakula, Mama Sieni huenda kumng'olea magugu na kumpa habari za kanisa: nani kaimba vibaya, nani kasinzia.

Sasa dada yake anamwita nyumbani Samoa, kisiwani Savai'i, na Mama ameitamani nyumba ile tangu alipoiacha akiwa msichana. Tiketi imekatwa, lakini sanduku lilikaa tupu. Tulimtania kwamba anaogopa ndege. Wazee wakamwomba achague zawadi ya kuagia.

"Zawadi sitaki, jamani," akasema. "Nani atamwendea Tavita wangu?"

Tulilia, wanaume kwa wanawake. Kisha wazee wakakubaliana kwamba familia zote zitapokezana zamu, Jumapili kwa Jumapili. Jioni ile Mama alianza kufunga sanduku.

Asante, Mama, kwa yote uliyotutunzia. Nenda ukapumzike kwenu, Mungu akujalie uzee wenye amani. Jumapili ya kwanza ni zamu ya familia yangu, na nitamwambia Mzee Tavita kwamba umefika salama.