Mama Chaji na Hedifoni Zilizosinzia

Ifikapo tarehe 30 Juni, mkuu wa chumba cha majaribio ya betri, ambaye karibu wafanyakazi wote wanamfahamu kwa jina la Mama Chaji, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika kampuni hii. Siku hiyo hiyo atastaafu. Kamati ya hafla iliomba wasifu mfupi usio na chumvi. Mfupi tumejaribu, chumvi hatukuihitaji.

Aliajiriwa akiwa mhandisi kijana wa umeme, wakati kampuni ikitengeneza simu za mezani. Baadaye alihamishiwa redio ndogo za betri, kisha hedifoni za waya. Enzi hizo hedifoni zilipata nguvu zao zote kupitia waya, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama amezichaji. Waya ulipoondolewa, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ambayo awali haikuwapo kabisa: kuhakikisha kwamba kifaa kinabaki na uhai mpaka mwenyewe atakapokihitaji. Kazi hiyo ameifanya hadi leo, katika chumba kile kile chenye meza ndefu, feni moja na rafu za hedifoni zinazochajiwa na kuishiwa chaji mchana kutwa.

Jina la Mama Chaji hakulipata kwa kuwachajia watu simu, bali kwa kuwakataza. Soketi za chumba chake hupimwa umeme unaopita, na simu ya mgeni huharibu vipimo vyote. Aliyethubutu kuchomeka simu yake humo aliikuta imewekwa kwenye dirisha la ukumbini, waya wake ukiwa umekunjwa vizuri. Simu ya Mkurugenzi nayo iliwahi kukutwa dirishani. Mkurugenzi aliichukua, na wiki hiyo hiyo fundi wa jengo akaagizwa kufunga soketi ya ziada ukumbini. Soketi hiyo ipo mpaka leo, na wengi wanaoitumia hawajui asili yake.

Watu wa nje walimdhania mpenzi mkubwa wa muziki. Siku moja muuzaji wa mito laini ya masikio ya hedifoni alisimama mlangoni kwake akibisha hodi bila kuitikiwa, kisha akaenda mapokezi kulalamika kwamba yule mama amezama katika nyimbo saa za kazi. Ukweli ni kwamba hapakuwa na wimbo wowote. Alikuwa akipima kiasi cha chaji kinacholiwa na uwezo wa kuondoa kelele peke yake, na hedifoni zenyewe zilikuwa kimya. Zilifanya kazi yake vizuri mno, ndiyo maana hodi haikusikika.

Kwa wasiofahamu shughuli zetu, inafaa kueleza ugumu wenyewe. Anayenunua hedifoni za bei ya juu anataka zidumu na chaji kwa muda mrefu, ziwe nyepesi, zifute kelele za barabarani, ziwe na mwili wa chuma unaong'aa, na ziwake mara tu azishikapo. Mambo hayo hayapatani. Betri kubwa huongeza uzito kichwani. Maikrofoni zinazosikiliza kelele za nje ili zifutwe hula chaji hata pasipo muziki. Kifaa kinachowaka papo hapo ni kifaa ambacho hakikuwa kimezimika sawasawa. Kila aina mpya tuliyoitoa ilikuwa na mabishano yake, na mengi yaliishia kwenye meza ya Mama Chaji, kwa sababu hakuna hedifoni zinazoruhusiwa kutoka kiwandani bila saini yake kwenye hati ya ubora.

Hakuwa sahihi siku zote, na yeye ndiye wa kwanza kulisema hilo. Miaka michache iliyopita alidai betri kubwa zaidi, akasisitiza kwamba mteja atauvumilia uzito. Msanifu Mkuu hakubishana naye. Alimtengenezea sampuli, akamwomba aivae. Mama Chaji aliivaa tangu asubuhi hadi alipofika nyumbani, ambako mumewe alimuuliza ni nani aliyemfunga kamba kichwani. Kesho yake aliliondoa dai lake mwenyewe, huku akijisugua utosi.

Suala ambalo atakumbukwa kwalo lilianzia nyumbani, mdomoni mwa wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa amenunua hedifoni zetu nyeusi, zile za kwanza kutolewa bila kitufe cha kuzimia. Alikuwa akizivaa mwisho wa juma tu. Kila alipomtembelea Mama Chaji alimrushia maneno: "Wifi, hedifoni zenu zimezima tena. Kwani huko kazini mnatengeneza hedifoni au mapambo ya kabati?" Mama Chaji aliichunguza betri yake, akaikuta nzima. Jambo hilo lilimsumbua zaidi ya utani wenyewe, kwa kuwa chumba cha majaribio hakikuwa kimepokea lalamiko hata moja la chaji kuhusu hedifoni hizo.

Alichukua ruhusa ya siku moja, akaenda kuketi kwenye kaunta ya huduma kwa wateja. Hakuhitaji kukaa sana. Mteja wa kwanza, mwalimu aliyebeba hedifoni zake ndani ya kipochi, alizungumza na Dada wa Kaunta kama ifuatavyo:

"Dada, hizi zimezima."

"Ndiyo, baba. Hujizima zenyewe, zimeundwa hivyo."

"Lakini mimi sijazizima."

"Ndiyo nakwambia, huna haja ya kuzizima."

"Sasa mbona haziwaki?"

"Zichaji kidogo, zitawaka."

"Kumbe zimekwisha chaji!"

"Hapana, baba. Zimezima tu."

Mwalimu aliondoka akiwa na uso wa mtu aliyejibiwa bila kujibiwa. Dada wa Kaunta hakuwa mzembe, alikuwa akifuata kijitabu cha maelekezo, ambacho kilisema: "Hedifoni hujizima zenyewe zisipotumika." Mteja alitumia neno lile lile, naye Dada akaona hakuna hitilafu ya kuripoti. Katika Kiswahili sanifu, kuzima ni kitenzi kinachohitaji kitu cha kuzimwa: mtu huzima taa, nayo taa huzimika. Mitaani, hata hivyo, kila kifaa kilichoishiwa chaji husemwa kuwa "kimezima", na mteja hana wajibu wa kufanyiwa mtihani wa sarufi kabla ya kuhudumiwa. Ama kuhusu kijitabu, sentensi yake haikuwa na kosa lolote la lugha. Kosa lake ni kwamba haikuwa kweli. Hedifoni zile hazikujizima. Zilisinzia. Ndani ya kipochi ziliendelea kuisikiliza simu ya mwenyewe na kuhisi kama zimenyanyuliwa, ili ziamke upesi, na kwa kufanya hivyo zilikula chaji kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Jioni hiyo alimweleza mumewe, ambaye ni fundi wa mabomba. Mumewe hakuhitaji mchoro. "Koki ikiwa bado inadondosha," alisema, "hujaifunga. Umeipunguza tu." Mama Chaji aliyapeleka maneno hayo kwenye kikao cha maandalizi ya hedifoni mpya jinsi alivyoyapokea.

Hedifoni mpya zilikuwa zimekwisha sanifiwa, nazo pia hazikuwa na kitufe cha kuzimia. Vihisi vyake vilikuwa vingi kuliko vya zile nyeusi, na kijitabu chake kilirudia sentensi ile ile. Mama Chaji alieleza kwamba hatatia saini. Msanifu Mkuu alikuwa na hoja za maana, na ni haki zitajwe. Kitufe kinahitaji tundu, na tundu hupitisha vumbi na jasho. Isitoshe, wateja wengi husahau kubonyeza, na hedifoni zilizosahauliwa zikiwa macho hula chaji kuliko zilizosinzia. "Mama," alisema, "ukiniwekea kitufe pale, umenitoboa sikio."

"Sing'ang'anii kitufe, mwanangu," alijibu Mama Chaji. "Nang'ang'ania kuzimika. Ukiweza kunizimia bila kitufe, nitakupigia makofi."

Mkurugenzi hakucheka. Maduka yalikuwa yamekwisha ahidiwa, na mabango yalikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Alitoa uamuzi ambao wengi wetu tuliuona kuwa mkali. Sampuli zingeendelea kuwa jinsi zilivyo. Ikiwa Mama Chaji hangeridhika hadi kikao kinachofuata, msaidizi wake angekaimu nafasi yake na kutia saini, naye mwenyewe angechukua likizo yake iliyosalia na kwenda moja kwa moja kustaafu. Kwa maneno mengine, utumishi mrefu namna ile ungekatishwa kwa sababu ya sentensi moja ya kijitabu.

Mama Chaji aliomba jambo moja tu. Kila mkuu wa idara apewe sampuli iliyojaa chaji, aiweke ndani ya kipochi chake, asiiguse, na airudishe kwenye kikao baada ya wiki mbili. Zikiwaka, alisema, basi msaidizi na akaimu.

Wiki hizo mbili alifanya kazi kama kawaida, ila alianza kuondoa vitu vyake kwenye droo: miwani ya akiba, kikombe, picha ya wajukuu. Msaidizi wake, mhandisi aliyemfundisha mwenyewe, alikuwa akipita karibu na meza hiyo akiangalia sakafu. Ilimbidi Mama Chaji amwite na kumwambia kwamba sakafu imekwisha fagiliwa, ainue uso.

Kikao kilipofika, Mkuu wa Mauzo alikiri kwamba alizitumia za kwake akiwa safarini, kwa hiyo zikawekwa kando. Za Mhasibu hazikuwaka. Za Msanifu Mkuu hazikuwaka, naye alizigeuza mkononi kwa muda mrefu. Mkurugenzi alizitoa za kwake kwenye kipochi, akazivaa, akazivua, akazitikisa, kisha akatamka: "Zimezima."

"Samahani, Mkurugenzi," alisema Mama Chaji. "Umezizima, zimejizima, au vipi?"

Mkurugenzi alimtazama, akazitazama hedifoni, kisha akaanza kucheka polepole kama mtu aliyekamatwa. "Zimekwisha chaji, Mama," alisema. "Mimi sijazigusa."

Baada ya hapo suala halikuwa tena kama kuna tatizo, bali litatatuliwaje. Na aliyelitatua, ni haki pia isemwe, ni Msanifu Mkuu. Aliomba kipochi, akakipindua, akaonyesha kwamba kifuniko chake tayari hufungwa kwa sumaku. Kidude kidogo cha kuihisi sumaku hiyo kingeweza kufichwa ndani ya hedifoni, bila tundu na bila kitufe. Kifuniko kikifungwa, umeme ungekatika kabisa. Mama Chaji alisimama na kumpigia makofi, peke yake, mpaka wengine wakaona aibu na kujiunga.

Suluhisho hilo lilikuwa na gharama zake. Kipochi kilinenepa kidogo. Hedifoni zinapotolewa huchukua sekunde kadhaa kuamka, na simu haiwezi tena kuzitafuta zikiwa zimefungiwa ndani. Uzinduzi ulicheleweshwa, na mabango yakachapishwa upya. Betri ilibaki ndogo kuliko Mama Chaji alivyopenda. Kijitabu, kwa upande wake, kiliandikwa upya: "Zikiwa mezani, hedifoni husinzia na kuendelea kutumia chaji kidogo. Zikifungiwa ndani ya kipochi, huzimika kabisa." Ni sentensi mbili zisizo na mvuto wowote wa kibiashara, na zote mbili ni kweli.

Hati ya ubora ilipokuwa tayari, Mkurugenzi aliileta mwenyewe kwenye chumba cha majaribio, akasimama kando ya meza wakati Mama Chaji akiisoma mstari kwa mstari. Hakuharakishwa. Alitia saini, akarudisha kalamu, kisha akarudisha na picha ya wajukuu mahali pake.

Hedifoni hizo sasa ziko madukani. Malalamiko yapo: mteja mmoja ameandika kwamba zinaamka kama mtoto anayepelekwa shule. Mama Chaji amekubali kwamba lalamiko hilo ni la haki, na amelikabidhi kwa mrithi wake kama kazi ya kwanza. Mrithi huyo ni msaidizi wake yule yule. Wiki iliyopita, Mama Chaji alipokuwa akimkabidhi ufunguo wa chumba, wengi tulitarajia hotuba. Alimwambia maneno machache tu: "Ipo siku watakuletea hati jioni, kila mtu ameshabeba mkoba wake. Usitie saini ili watu waende nyumbani." Msaidizi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, na safari hii hakuangalia sakafu.

Mama Chaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote, pamoja na wale uliowaondolea simu zao kwenye soketi, tunakushukuru kwa kazi yako na kwa ukaidi wako uliokuja na sababu kila mara. Tunamshukuru pia mumeo, na wifi yako aliyetusema bila kificho. Nenda ukapumzike. Afya njema iwe nawe, wajukuu wakuzunguke, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na myema.