Pak Tarmuji na Kufuli la Siku Saba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza namba 14, Pak Tarmuji anastaafu ufundi katika soko letu la simu hapa Surabaya. Alitakiwa kuondoka miaka miwili iliyopita. Kilichomchelewesha ni simu moja.

Alianza na redio, akahamia simu za vitufe, kisha akawa bingwa wa kuwafungulia wateja kufuli la kiwanda kwenye simu janja, ili mwenye simu awe na mamlaka yote juu ya mali yake. Za watu zilimtii. Yake ikagoma, naye akaapa hastaafu mpaka ifunguke.

Kiwanda kilitaka aombe kibali, kisha asubiri siku saba bila kuchomoa laini. Ukichomoa, hesabu inaanza upya. Sasa, Pak Tarmuji kila Alhamisi, kabla ya kuweka maua ya baraka ya kuamkia Ijumaa, kama ilivyo desturi yetu, hufuta vumbi simu zote zilizo kwenye meza yake, na hafuti vumbi bila kuchomoa laini. Mkono umezoea. Na hakuna siku saba zisizo na Alhamisi.

Mkewe, Bu Wiwik, alishafunga mizigo ya kuhamia kwao Malang. Miaka miwili wamekuwa wakitoa masufuria kwenye maboksi.

“Pak, tunahama lini?”

“Nipe siku saba tu.”

“Za mwaka gani?”

Mwezi huu Bu Wiwik alichoka. Alikuja na gundi, akaigandisha laini humo humo, akaenda zake kununua tempe, ile mikate ya soya.

Siku ya saba tulipika wali wa manjano wa sherehe, wa kutosha ghorofa nzima ya soko. Pak Tarmuji akabonyeza, na simu ikafunguka. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Pak Tarmuji alikuwa akimwonya kila mteja: “Hifadhi vitu vyako kwanza, ikifunguka inafuta kila kitu.” Yake ikafuta kila kitu, pamoja na hotuba ya kuaga aliyoiandika humo kwa miaka miwili. Ndiyo maana leo mnasoma maneno yangu.

Asante, Pak, kwa uvumilivu na kwa vicheko. Meza yako tutaifuta vumbi kila Alhamisi. Ukaishi kwa raha Malang na Bu Wiwik, na utupigie. Namba yako ni ile ile. Laini haitoki tena.

Ningsih, meza namba 15