Mwavuli wa Fundi Bomba

Mshona mapazia aliwaona wawili waliokaa mbele yake kwenye basi wamenyooka kama wanaopigwa picha, hakuna anayethubutu kuegemea. Kumbe wote wametoka hospitali kutolewa maji ya uti wa mgongo, kwa utafiti wa Alzaima, ugonjwa wa kusahau.

"Ugonjwa wa kichwani, sindano kiunoni!" alinung'unika fundi bomba mwenye ovaroli.

"Ndiyo maji hayohayo yanayozunguka ubongo, baba," akasema jirani yake, mkunga mstaafu. "Wanaangalia vichembe vinavyobeba mafuta humo. Kuna waliorithi jeni inayovibadilisha, na hatari ya kuugua inaongezeka."

"Mimi nimeomba waniambie kama ninayo. Mama yangu alifariki akiniita kaka."

"Pole, baba. Mimi nimewakataza kuniambia. Hatari si hukumu."

"Sasa si bora mtu ajiandae, mama?"

"Nijiandae vipi? Nianze kusahau mapema?"

Mshona mapazia akajikohoza kuficha kicheko. Basi likasimama. Fundi akateremka polepole, mkono kiunoni.

"Baba, mwavuli wako!"

Akageuka, uso umemshuka. Mkunga akampitishia dirishani.

"Usitishike. Marehemu mume wangu alikuwa akisahau miavuli tangu mwaka wa harusi. Ule haukuwa ugonjwa, ulikuwa uanaume tu."