Neno la Mwisho la Akonkwa

Asubuhi ile ukungu wa ziwa ulipanda mupaka Nyawera, hapa Bukavu, ukaikala na sisi pale benchi yetu, karibu na parking ya moto, zile pikipiki za taxi. Jana muchana, mu salle ya paroisse, kwa kanisa, walituonyesha filme ya vijana wa hapa hapa, wale wa maandamano na mawe. Wenye filme wakafunga mashine, wakaenda nayo. Tukabaki na mwisho tu: kijana anasimama mu daraja, waaskari wanakuja, anatuangalia, anafungua kinywa, giza.

— Ile kijana alikimbilia Idjwi, kule kisiwani, akasema Waziri, wa taximoto, mwenye jibu ya kila kitu.

— Daraja aliivuka namna gani? nikauliza.

— Pole pole. Haraka haraka haina baraka.

— Mbele ya risasi? Wewe utazika watu na methali!

Profesa, mwalimu wa zamani, akapanguza miwani.

— Ile kijana alikuwa amekufa tangu mwanzo. Mulimuona akikula? Mama anapakua fufu, yeye anaangalia tu.

Kweli, sikumbuke akikula.

— Mimi nilimuona leo asubuhi, akasema Maman Francine, mwenye kuuzisha kahawa, akitumiminia. Alipita mu ukungu na ile shati yake ya bleu. Akaomba kahawa bila sukari.

— Ukamupa?

— Nikamupa.

Hakuna mutu alicheka.

Njo akafika mama moja, kitenge imelowa mupaka magoti.

— Jambo yenu. Ni hapa waliona filme?

— Sisi wote, maman! Karibu!

— Miye Adolphine, wa Mumosho. Ile kijana wa filme, Akonkwa, ni mutoto wangu. Tangu mwezi wa pili sijue kwenye iko, telefone haipite. Mbele ya kwenda aliniambia: "Maman, neno ya mwisho mu filme, ni yako." Jana barrière ya waaskari mu njia ilinichelewesha. Alisema nini?

Waziri akasimama, akamuachia fasi pa benchi.

Alisema kitu mbele giza iingie, midomo yake naiona mupaka sasa. Lakini sisi watu wa Bukavu, filme hatuiangaliake kimya. Salle nzima ilikuwa imesimama.

— Tulikuwa tunamupigia kelele akimbie, maman, nikasema, haya ikinishika. Watu wote. Na miye njo nilianza.

Maman Francine akamuwekea kikombe mu mikono. Hakunywa.

— Iko na sauti kidogo, mutoto wangu, akasema. Hamungeweza kusikia.