Mama Jagi, Mpima Maji wa Ziwa Letu

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mume wake, kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Jagi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba iliyopakana na ziwa, enzi ambazo mtu aliinama, akachota, akanywa, na watoto waliosimama kwenye maji ya kiunoni waliona vidole vyao vya miguu.

Alisoma hapahapa mjini, akahitimu stashahada ya maabara mwaka 1988, na tarehe 2 Januari 1989 akaajiriwa na idara ya maji, ambako alichota sampuli akiwa ameingia ziwani hadi magotini, kwa kuwa hakuamini sampuli ya mtu aliyebaki mkavu.

Tulifahamiana mwaka 1991, nilipotupa ganda la ndizi ziwani mbele yake, akaniambia, "Kaka, hapo si jalala la kwenu, kaokote," nikaingia na viatu vyangu vya kufundishia, na tarehe 12 Desemba 1992 tukafunga ndoa, tukajaliwa binti na mvulana, ambao wako nasi hapa.

Mwaka 2009 bomba la majitaka lilielekezwa kwenye ghuba ileile ambako mashine huvuta maji tunayokunywa, matete yaliyokuwa yakichuja uchafu yakafyekwa kupisha maegesho ya magari, na maji yakawa ya kijani, mazito kama uji, yenye uvundo uliomfuata hadi nyumbani ukalala kwenye nguo zake. Alitaka jambo moja tu, bomba lihamishwe, na kila kikao aliwamiminia wakubwa maji ya bombani kutoka kwenye jagi lake, nao wakaendelea na ya chupa, hadi mkuu wa idara alipomwambia, "Mama, hayo wapelekee wananchi," wenzake wakacheka, naye akainua glasi aliyomwekea mkuu, akainywa yote, akasema mwananchi wa kwanza ameshapata. Wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo kutunza makoleo.

Alianza kuugua ini Agosti 2023, akalazwa katika wodi ambamo wauguzi walinunua maji ya mkokoteni, ilhali dirishani ziwa lilionekana lote, na akafariki asubuhi ya tarehe 17 Mei 2024. Daktari hakusema kwamba ni maji, nami sitamsemea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotugawia maji ya visima vyao ili tumwoshe, na wafanyakazi wawili wa maabara, walioendelea kumpelekea sampuli stoo kwa siri ili apime.

Ratiba inaonyesha kwamba baada yangu ni salamu za mkuu wa idara, ambaye ninamwona safu ya mbele, lakini familia imekubaliana kwamba atamsifu mke wangu siku bomba lile litakapohamishwa, kwa hiyo, mheshimiwa, endelea kukaa.

Mke wangu, umechoka kwa haki, pumzika kwa amani.