Mstari Upi? Miaka 34 ya Mwalimu Lokorio

Lodwar, Ijumaa, 28 Novemba 2025. Asubuhi ya upepo na vumbi. Jua lilikuwa kali kabla ya saa mbili. Leo Mwalimu Lokorio Ewoi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, nasi wenzake tunastaafu kuulizwa "Mstari upi?"

Alianza Kalokol mwaka 1991, akahamishiwa Nakalale, kisha Kakuma kwa miaka kumi na miwili, na mwishowe hapa. Kote huko alifundisha kwa ukaidi uleule namna ya kuchagua jibu katika maswali ya fasihi. Majibu ni manne, aliwaambia watoto: mawili ya ovyo, moja linakaribia, moja ndilo bora. Lililo bora lina mstari wake kwenye kifungu. Usipoweza kuuwekea kidole, basi jibu umelitoa nyumbani kwenu, na kwenu hakumo kwenye mtihani.

Darasani ilifaa. Ofisini ilituchosha. Mwalimu mkuu akisema lori la maji litafika Jumanne, Lokorio aliuliza mstari upi. Nikimwambia chai imeisha, alifunua birika kutafuta ushahidi. Naibu wetu, Bi. Akai, alihama meza mara mbili katika muhula mmoja ili asikae karibu naye.

Halafu ikaja Julai 2023. Lokorio alitunga mtihani wa pamoja wa Gredi ya Sita kwa shule kadhaa za Lodwar na Kakuma. Maswali yalikuwa hamsini. Aliyefikisha alama arobaini angepata nafasi ya kusomeshwa shule ya bweni. Swali la kumi na saba lilihusu mzee aliyemtemea kijana mate kifuani, akageuka, akaenda zake. Kitendo hicho kinaonyesha nini? Watoto Waturkana walichagua baraka, maana ndivyo wazee wetu wanavyotubariki. Hilo ndilo lililokuwa jibu la Lokorio. Sylviane, msichana Mkongomani wa Kakuma, alichagua dharau. Alipata thelathini na tisa.

Tulipopeleka karatasi zilizosahihishwa Kakuma, Sylviane alimwendea Lokorio akiwa na kifungu mkononi.

"Mwalimu, mstari upi unasema ni baraka?"

Lokorio alivaa miwani. Alisoma kifungu mara tatu, kidole kikishuka polepole mpaka chini ya ukurasa.

"Hakuna," alisema. "Nililitoa nyumbani kwetu."

Akalifuta swali, na kila aliyelikosa akapewa alama yake. Kuwajua hao ilibidi tufungue upya karatasi zote 286, kwa mkono, Jumamosi nzima. Tulimnunia wiki mbili. Sylviane sasa yuko bweni, Gredi ya Nane.

Jana nilimpa Lokorio rasimu ya wasifu huu. Aliirudisha ikiwa na wino mwekundu. Nilipoandika kwamba anawapenda wanafunzi wake, alizungushia duara na kuuliza pembeni: mstari upi? Nimemjibu kwa wino wa bluu: Jumamosi ile, karatasi 286.

Asante, Mwalimu. Nenda kwako Kainuk kwa mbuzi wako, ambao hawatakuvumilia kama sisi. Tunakuombea afya, maziwa na usingizi mzuri. Mchana huu mzee Lotiir, mwenyekiti wa wazazi, atakutemea mate kifuani mbele yetu sote. Usimuulize mstari.